Karatasi Moja katika Sanduku la Yauwin

Nasikia huko mji mkuu wanabishana kama kijana wa miaka kumi na sita apewe kura. Wabishane tu. Sisi ukoo wa Yauwin, huku milimani, umri tuliushusha zamani bila kumwomba mtu ruhusa: ukiweza kuvuta upinde, unapanga foleni. Mimi nilipiga kura yangu ya kwanza nikiwa na kumi na minne, kwa jina la babu yangu aliyekuwa kaburini miaka saba. Karatasi yenyewe sikuiona, maana karatasi zote zilikuwa mali ya ukoo, na wakubwa ndio walioandika.

Takame alikuwa mke wa baba yangu mdogo, kwa hiyo nilimwita mama mdogo. Aliolewa kwetu kutoka kwa Wakombeni, ng'ambo ya mto. Mumewe alipigwa mshale wa shingo binti yao Roslin akiwa bado anatambaa, naye akakataa kurudi kwao. Alilima viazi vitamu, akafuga nguruwe, na ulimi alikuwa nao. "Nyie Yauwin," alizoea kusema, "vichwa kama maboga, na ndani mbegu tupu." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nimekula kwake mara nyingi kuliko kwa mama aliyenizaa.

Mwaka wa uchaguzi huu ninaousimulia mimi nilikuwa na miaka ishirini, Roslin kumi na sita. Ukoo wetu ulikuwa na mgombea wake, mwenye malori. Wakombeni walimsimamisha mama mmoja muuguzi, Elis. Kila mtu alijua mama yule hawezi kushinda. Lakini Roslin alipougua kichomi, Elis ndiye aliyelala sakafuni kando yake siku sita. Roslin alitaka kitu kimoja tu duniani: katika karatasi zote zile, moja aandike jina alilolichagua mwenyewe.

Sanduku lilishushwa kwa helikopta asubuhi ya siku ya kura. Msimamizi, kijana wa pwani mwenye miwani, akatangaza kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane hapigi kura. Diwani Lyain, mkubwa wa ukoo wetu, alimzaba kofi, miwani ikaruka kwenye tope.

"Umri gani, we mla samaki? Mwenye meno ya kutafuna nguruwe ana umri!"

Mzee mmoja aliomba karatasi yake aiandike mwenyewe. Akapigwa mpini wa shoka mdomoni, akaenda kukaa pembeni akitema damu. Baada ya hapo hakuna aliyeomba kitu. Walioijua kalamu waliwekwa mezani waandike jina la mtu wetu, na Roslin alikuwa mmoja wao. Mimi nilisimama nyuma yake na panga, mlinzi wa meza.

"Kaza mwendo, dada," nikamwambia.

"Mkono unaniuma, kaka."

"Utapona. Andika."

Aliandika karatasi mia mbili huku namwangalia. Sikuona lolote, kwa sababu sikujua kusoma.

Siku ya kuhesabu tulizunguka redio. Matokeo yalisomwa sanduku kwa sanduku. La kwetu: mtu wetu, mia sita na kumi na moja. Elis, moja. Mpaka jioni mtu wetu alikuwa ameshinda jimbo zima, lakini hakuna aliyepiga kelele za furaha. Ile moja ilitukaa kooni. Majirani zetu wote walikuwa wameisikia, na tayari walikuwa wanatucheka kwamba Yauwin wana mtu ndani anayewauza.

Diwani alituita uwanjani kesho yake. "Nani?" akauliza. Macho yote yakamwendea Takame, mwanamke wa Kombeni. Roslin akainuka, anataka kusema. Mama yake akamkamata nywele, akamkalisha chini kwa nguvu.

"Ni mimi," akasema Takame. "Niliikwapua mezani nikaandika jina la mtu wa kwetu. Haya, mnasemaje?"

Mwanamke huyo hakujua hata kalamu inashikwa upande gani. Tulijua sote. Watu mia sita tulikuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Tulitaka mtu wa kulipa, na yeye alikuwa amejitoa.

Diwani akanigeukia. "Meza uliilinda wewe. Aibu hii ni yako. Mkono ulioandika, uondoe."

Nilimsogelea na panga. "Mama mdogo, kanusha," nikamnong'oneza. "Nakusihi."

Akauweka mkono wa kulia juu ya gogo. "Kata basi. Na ukate sawasawa, maana wewe hata kuni zinakushinda."

Nilikata. Panga lilikwama kwenye mfupa, ikabidi nirudie. Alipiga ukelele mmoja tu. Roslin alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikaenda kulifuta panga nyuma ya zizi.

Alfajiri ya siku ya tatu kaka zake Takame wakavuka mto na mishale na bunduki za kujitengenezea. Walichoma nyumba kumi na tisa. Takame alitoka mbio, kigutu kimefungwa matambara, akasimama katikati ya shamba akiwatukana pande zote mbili wakome. Hawakukoma. Mtoto wa Diwani alikufa pale pale na risasi tumboni, na mpwa wa Takame akakatwakatwa kwenye mtaro. Mwishowe tulitoa fidia ya nguruwe thelathini kwa ajili ya mkono ule, vita vikaisha. Yeye alibaki kwetu. Alijifunza kulima kwa mkono mmoja, na chakula aliendelea kunipa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwaka jana walikuja vijana wa mjini na fomu. Anayetaka umri ushushwe mpaka kumi na sita, aweke dole gumba. Roslin, ambaye sasa ni mwalimu wetu wa shule, akatusomea. Takame akawa wa kwanza kwenda mezani.

"Gumba la kulia, mama," akasema yule mgeni bila kutazama.

Takame akamwonyesha kigutu. "Lile lilitangulia. Huyu mwanangu Roslin alipiga kura yake akiwa na kumi na sita, kura moja tu. Nyie mmechelewa."

Roslin alikuwa ananitazama usoni, hapepesi.

"Mama mdogo," nikasema, "ulisema ni wewe."

"Na wewe ulijua sijui kuandika, Minok."

Ni kweli nilijua. Nilijua panga likiwa bado hewani.

Akabonyeza gumba la kushoto kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi, kisha akanisogezea kikopo.

"Weka na wewe," akasema. "Mikono yako bado unayo yote."