Picha za Katikati

Kazini walimwita Bi Katikati, na jina hilo halikuwa la kumkejeli, ingawa wapo waliolitamka huku wakicheka. Katika studio ile ya katuni, mchoraji mkuu huchora picha ya kwanza ya tendo na picha ya mwisho: mtu amesimama, mtu amekaa. Sasa huyo mtu alikaaje? Nani alimkunja magoti, nani alimshusha mabega? Hapo ndipo anapoingia Bi Katikati. Anaziweka zile karatasi mbili juu ya kioo chenye taa chini yake, anatandika karatasi nyeupe juu yake, anachora yote yaliyopita kati ya mwanzo na mwisho. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo. Ukimuuliza aliolewa lini na aliachwa lini, atakujibu kwa mkato. Muulize paka anavyogeuza kichwa kabla ya kuruka, utakaa hapo mpaka chai ipoe.

Kisha studio ikapata kazi kubwa: kisa cha binti mfinyanzi na mbeba chumvi. Nani asiyekijua? Bibi zetu walitutoa machozi nacho, walimu wakatuchapa kwa kutokikariri. Binti anaugua homa. Kijana anakwenda nchi ya mbali kutafuta dawa, anarudi nayo mkononi, anakuta mwenzake ameshakata roho. Naye anajilaza kando yake, haamki tena. Basi. Hakuna aliyewahi kukiongezea neno, maana hata mtoto mdogo alijua kwamba ukifika hapo unalia, halafu unakwenda kulala.

Filamu ya namna hii huchukua miaka. Mwaka wa kwanza wote hupita kwa mipango, na kabla haujaisha mdogo wake Bi Katikati, wa kike, aliyefuatana naye ziwa moja, alilazwa hospitalini, na hakutoka.

Miezi saba baada ya maziko, mwongozaji wa filamu, kijana mwenye miwani na haraka zake, akaja mezani kwa Bi Katikati akavuta kiti.

"Dada, kile kifo cha binti nataka uchore wewe. Mwanzo, mwisho na katikati, vyote vyako. Sitaki kifo cha katuni, cha ulimi nje. Nataka watu washike vichwa."

"Kwa nini mimi? Mchoraji mkuu yupo."

Mwongozaji akaangalia viatu vyake. "Unajua mwenyewe, dada. Wewe ulikuwepo. Umeona."

Studio nzima iliamini hivyo: kwamba mdogo mtu alikata roho akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Waliambiwa na Mama mzazi siku ya maziko, mmoja mmoja, kila aliyempa pole. "Alikwenda vizuri mwanangu. Hakuwa peke yake. Dada yake alikuwa amemshika."

Na mimi nisikuzungushe: ulikuwa uongo mtupu. Bi Katikati hakuwepo. Alikaa kando ya kitanda kile siku kumi na moja, akalalia kiti mpaka shingo ikapinda, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta mdomo. Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, ikaita simu ya kazini. Wodini simu haziruhusiwi, akatoka kwenda kuipokea kwenye korido. Aliporudi alikuta pazia limevutwa, na muuguzi akamshika bega kabla hajalifikia. Mama alipoingia, na vumbi lake la safari, hakuuliza ugonjwa wala daktari. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa peke yake?"

Hebu wewe, ungesemaje? Mama yako amesimama hapo, mkoba bado uko kwapani. "Hapana, Mama. Nilikuwa nimemshika mkono." Maneno yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka hayakurudishika. Mama akaketi sakafuni akamshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo uongo ukawa ndio chakula cha nyumba. Mama alikuwa mshonaji, mashine yake iko sebuleni karibu na dirisha, na kila mteja aliyeleta sketi ya kupunguzwa alisimuliwa. Bi Katikati akirudi kazini anawakuta wamekaa, anasikia "dada yake alikuwa amemshika," na yule mteja anageuka kumtazama kwa huruma. Alikuwa anajikaza kisabuni, anatabasamu, anapitiliza jikoni. Huko jikoni alikuwa anashika ukingo wa sinki mpaka mikono iume. Mara ngapi alijiambia leo namweleza! Halafu anamwona Mama anakula vizuri, analala vizuri, anasema jamani angalau hilo. Angemnyang'anya vipi hilo moja?

Basi kazi ya kifo akaipokea. Wiki tano alichora kifo ambacho hakukiona. Alichora kitanda, akachora mkono wa kulia juu ya shuka, na kidole kidogo kilichopinda kama cha mdogo wake, alichovunja utotoni kwa mlango. Akauchora mkono ule unalegea taratibu, vidole vinaachana, kiganja kinafunguka, macho yanafumba. Hakuna maumivu ndani yake, hakuna kuhangaika. Picha tisini na sita, sekunde nane. Siku alipozipitisha mbele ya wenzake, mwongozaji alivua miwani, na mama wa chai aliyekuwa anakusanya vikombe akaviacha hapo hapo akatoka nje.

Jioni ile, sijui ni uchovu sijui ni nini, Bi Katikati akamwambia Mama, "Nimemchora."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Ndani ya filamu. Hata kidole chake kile."

Mama akasimamisha mashine. "Na ile saa yake ya mwisho?"

"Na ile saa yake."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe. Mama alikuwa amefika hospitalini amechelewa, na kuchelewa huko kulikuwa kunamla. Sasa kumbe kuna mahali ataona! Akaenda kupimwa macho akanunua miwani mpya. Akajishonea nguo ya siku hiyo. Kila wiki swali ni lile lile: "Filamu yenu bado tu? Nyinyi mnachora au mnafuga?"

Filamu ilipokaribia kwisha, wenye nayo, waliotoa fedha, wakaja kuitazama, wakaguna. Watoto watalia, walisema. Wazazi watadai kurudishiwa viingilio. Filamu ni ya familia. Mwongozaji alitoka kwenye mkutano ule amegeuka mtu mwingine, kila sentensi ina familia ndani yake: familia ikae pamoja, familia icheke pamoja. Wachoraji wakambandika jina la Bwana Familia siku hiyo hiyo. Akaletwa mbuzi anayesema. Na binti mfinyanzi, ambaye bibi zetu wote walimzika, sasa atapona.

"Muda wa kuchora upya hatuna," Bwana Familia alimweleza Bi Katikati, akikwepa macho yake. "Lakini picha zako zinatosha. Tunazipiga kinyumenyume. Mkono unajikusanya, macho yanafumbuka. Halafu mbuzi anapiga chafya."

"Mbuzi anapiga chafya."

"Ili watoto wacheke, dada. Kamba ilikuwa imekaza sana, tunailegeza."

Akamwonyesha. Na balaa lenyewe ni kwamba ilikubali. Picha za katikati hazijui mwanzo wala mwisho, zinakwenda popote unapozipeleka. Kwenye skrini mkono uliokuwa umelala ukaanza kujivuta, kidole kilichopinda kikagusa shuka, kope zikatikisika, na mdogo wake Bi Katikati akafumbua macho. Kwa sekunde moja, labda mbili, alifurahi, wallahi alifurahi kama mwendawazimu, mpaka yule mbuzi alipopiga chafya. Kisha akajichukia kwa ile furaha. Alikwenda chooni akasimama mbele ya kioo akitaka kulia, machozi yakagoma.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya familia za wafanyakazi, Jumamosi asubuhi. Nguo ya Mama ilikuwa imepigwa pasi tangu Jumatano. Bi Katikati akafikiria ukumbi umejaa watoto, Mama katikati yao na miwani yake mpya, mwanawe anaamka na watu wanapiga makofi. Akaona hapana, hilo haliwezekani. Ijumaa akaomba ruhusa ya mapema, akazitia zile picha tisini na sita kwenye bahasha ya kaki, akaenda nazo nyumbani.

Mama alikuwa mashineni.

"Mama, kesho hutaona ulichokuwa unakingojea. Wamegeuza. Binti hafi tena, anaamka."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Anaamka? Aamke aende wapi?"

"Ndivyo walivyotaka."

"Basi waende wenyewe. Mimi nguo nitavaa siku nyingine."

"Ndiyo maana nimekuletea zenyewe. Zile za kweli."

Mama akaondoa mezani makasi, chaki na mkebe wa pini. Akafuta mikono kwenye gauni kana kwamba anakwenda kupokea mgeni. Bi Katikati akasimama nyuma yake, akalishika lile furushi la karatasi kwa kidole gumba, akaziachia moja baada ya moja, upesi, na mkono ukaishi na kufa juu ya meza ya kushonea. Mama akaziba mdomo. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema, "Lete nishike mwenyewe," akaanza kuzifunua pole pole, picha moja, picha moja, machozi yanateremka chini ya miwani naye hayafuti.

"Kidole chake kile," akasema. "Una macho wewe, mwanangu. Una macho."

Akafika ya mwisho. Akaitazama muda mrefu, na kilio kikakatika.

"Mbona mkono uko wazi?"

"Unalegea, Mama. Mtu akienda, mkono unalegea."

"Huu mkono ulikuwa ngumi."

Bi Katikati akainama begani kwa Mama, akaitazama karatasi.

"Mimi ndiye niliyemvika," Mama akaendelea, bado anaitazama karatasi. "Lile gauni mikono yake niliishona myembamba, mwenyewe alipenda hivyo. Ngumi haikupita. Nikavikunjua vidole kimoja kimoja, nusu saa nzima, na hiki kilichopinda kilinishinda mpaka nikakipaka mafuta. Sikumwambia mtu. Nilijua alikuwa amekushika wewe. Nilisema, mwanangu alishikilia mkono wa dada yake mpaka wakautoa kwa nguvu. Kila nikikosa usingizi naikumbuka ile ngumi, nalala." Akainua uso. "Sasa mbona umeuchora wazi?"

Njia ya kuponyokea ilikuwepo, na Bi Katikati aliiona vizuri. Angesema ngumi haipendezi kwenye filamu, mwongozaji ameikataa. Mama angekubali, angemlaani mwongozaji na mbuzi wake, mambo yakaisha. Lakini naye habari ya ngumi alikuwa anaisikia leo. Miaka miwili na zaidi alijipoza kwamba mdogo wake alikwenda usingizini, hakutafuta mtu. Kumbe alishika kitu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alishika nini? Shuka? Alinyoosha mkono kwenye kile kiti akakikuta kitupu?

"Sikuwepo, Mama."

"Hukuwepo wapi?"

"Kitandani. Nilitoka. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Nilikudanganya."

Mama alivua miwani akaiweka juu ya meza, akaivaa tena.

"Ulikwenda wapi?"

"Kwenye korido. Simu ya kazini."

"Walitaka nini?"

Hili ndilo Bi Katikati hakuwahi kulisema kwa kiumbe yeyote, hata kwa nafsi yake alikuwa analipita mbio. "Walikuwa wanapanga sura ya binti mfinyanzi. Waliuliza avae viatu au awe peku."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Mama."

"Hilo ni jibu la neno moja, mwanangu. Unajibu, unarudi ndani."

"Tulibishana. Mwongozaji alitaka viatu. Mimi nikasema mfinyanzi anakanyaga udongo kutwa, viatu vya nini. Tulibishana karibu robo saa."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Mama akazikusanya zile karatasi, akazigonga gonga mezani mpaka kingo zikalingana, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo aliibakiza mkononi.

"Nani alishinda?" akauliza.

"Mimi."

Mama akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akainama karibu kabisa, akaanza kutafuta miguu.