Nusu ya Mzizi

Mmea mmoja, majina manne. Ndiyo kazi niliyoikubali, na tangu wiki ya kwanza kichwa kilikuwa kinaniwanga. Msamia aliuita hivi, Mpadhola vile, Mteso akacheka akasema wote wamekosea. Mimi, mtoto wa mjini Tororo, binti wa wafanyabiashara wa Kiislamu na mke wa dereva wa lori, niliuita majani. Kisha memsahib, yule Mzungu niliyemkalimania, akauandikia jina la tano, la lugha ambayo hata kwao hakuna anayeiongea, akaniambia hilo ndilo jina lenyewe.

"Na haya mengine?" nilimuuliza.

"Hayo ya watu," alisema.

Kwani lile lake lilikuwa la nani? Sikuelewa, na sitadanganya kwamba nimeelewa baadaye.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye haraka, aliyetumwa na serikali kukusanya mimea ya mwitu ya upande wetu wa mpaka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapishi. Alinichukua mimi kwa sababu vijijini wanawake ndio waliojua mboga na dawa, na mbele ya mkalimani mwanamume walikuwa wanajitia bubu.

Tulichuma, tukalaza kila mmea ndani ya gazeti ili ukauke, magazeti tukayabana kati ya mbao mbili, nami nikakaza mikanda mpaka mbao zikalia. Jioni nilibadilisha magazeti yaliyolowa. Mmea ulitakiwa uwe na vyote: jani, ua na mzizi. Mzizi ukiwa mnene, memsahib aliupasua kwa urefu, nusu akailaza gazetini, nusu akaitupa, maana mzizi mzima haukubali kubanwa.

Sikumwambia kwamba nina mimba. Mbili zilikuwa zimeshaharibika, na hii ya tatu nilimficha hata mama mkwe. Mume wangu tu ndiye aliyejua, naye alitaka nikae nyumbani. Zile mbili si nilikaa nyumbani? Kukaa kulinisaidia nini? Nilimjibu hivyo, kwa ukali.

Siku moja tulikwenda kijijini Buhehe. Kando ya shamba la wimbi la mama mmoja mzee palikuwa na kichuguu, na juu yake mmea wa kutambaa wenye maua meupe madogo. Memsahib aliukimbilia. Yule mama akaweka jembe chini, akamshika mkono. Mkono wa Mzungu!

"Mgonjwa iko wapi?" mama aliuliza.

"Ambia yeye hapana mgonjwa," memsahib akaniambia. "Hii nakwenda Ulaya, nakaa kabatini."

Mama akanigeukia. "Dawa nakaa kabati? Nafanya nini huko?"

Kisha akanieleza polepole, kama anayesema na mtoto. Dawa ile haing'olewi bure. Kwanza hutajwa mgonjwa, ndipo inang'olewa, na aliyetajwa ndiye mwenyewe. Mtu mwingine haigusi. Ni dawa ya wanawake ambao mimba zao hazikai.

Nikashusha macho. Nadhani hapo ndipo nilipojifichua. Aliniangalia usoni, akaniangalia shingoni, mahali mimba hujionyesha, akauliza taratibu, "Ngapi imetoka, mwana yangu?"

"Mbili, mama."

"Basi nataja wewe."

"Nasema nini? Nasema nini?" memsahib akauliza.

Sikujua nishike lipi niache lipi. Kwetu sisi tulikuwa watu wa dua na hospitali. Dawa za porini zilikuwa aibu. Tena memsahib akijua hali yangu, huenda kesho angetafuta mwanamke mwingine. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ndogo. Mashavu yake yakawa mekundu, akasema pole. Kisha akasema, "Lakini mimi nataka na mzizi." Na mmea wenye maua ulikuwa huo mmoja tu.

Mama alinitaja, akachimba, akaniwekea mmea mkononi, mzizi wake mnene kama kidole gumba. Akaniagiza niutafune kidogo kidogo, akarudi kwenye wimbi lake. Memsahib akanyoosha mkono wake. Ni yeye aliyeamua: akatoa kisu, akaupasua mzizi kwa urefu, kwa uangalifu mkubwa, akanipa nusu. Alitabasamu. Aliona ametutendea haki sote wawili. Hata mimi niliona hivyo, na nilimpenda kwa hilo.

Ile nusu niliitafuna, chungu kupita kiasi, na dua nikaomba. Mimba ikakaa, ikapita pale ambapo zile mbili zilikuwa zimeishia. Nikaanza kutembea kwa madaha. Nikamwambia mama mkwe, akanikumbatia. Asubuhi moja, nikiwa nakanda unga wa mandazi, nikaona damu.

Nilipopata nguvu, mume wangu alinipeleka Buhehe kwa lori. Sikwenda kumlaumu yule mama. Daktari alikuwa amesema mambo haya hutokea, nami nilitaka mtu aniambie zaidi ya hapo. Mama alinisikiliza, akauliza kama nilikula mzizi wote. Nikasema nusu.

"Na nusu ile ingine," aliuliza, "nani nakula?"

Njia nzima ya kurudi nilibishana na nafsi yangu. Nilijua ni upuuzi. Nilijua pia kwamba nautaka mzizi wangu. Hasira nilikuwa nayo, ila sikujua nimpe nani.

Nilimkuta memsahib katika nyumba ya wageni ya serikali, anafunga virago. Alichojua yeye ni kwamba nilikuwa naumwa. Kwamba mimba imetoka sikuwa nimemwambia. Nikamuuliza uko wapi ule mmea wa Buhehe. Akafurahi kwamba kazi yetu bado iko moyoni mwangu, akanishika bega.

"Iko salama," alisema. "Treni nachukua yeye jana. Huko hapana maji, hapana mdudu. Hata wajukuu yako nakwenda Ulaya, nakuta yeye palepale."

Nikasema asante, memsahib. Nikabaki nimesimama pale mlangoni pake, kwa sababu sikujua nyumbani nakwenda kufanya nini.