Vifungo Vinne vya Bosi

Kazini kwake hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wazazi, watoto, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Bi Ngoja, na jina hilo alilipata kwa haki. Mtoto akihangaika kuvaa soksi na mama yake akanyoosha mkono amsaidie, yeye husema, "Ngoja." Kijiko kikidondoka kabla hakijafika mdomoni na baba akainama kukiokota, "Ngoja." Na yeye mwenyewe, asije akasahau, huweka mikono nyuma ya mgongo na kuifumbata huko mpaka vidole vife ganzi. Asiyemjua angedhani ni askari wa gwaride aliyepotea njia.

Kazi yake inaitwa tiba kwa vitendo, na amechoka kuieleza. Hachomi sindano, haandiki dawa. Anachotibu ni siku nzima ya mtoto: kunawa, kuvaa, kula, kushika penseli, kucheza na wenzake bila kuachwa nyuma. Kaka yake humtania kwamba amesoma miaka minne ili awafundishe watu kuvaa suruali. Hucheka naye, lakini utani huo unamchoma, maana ameshakutana na kijana wa miaka ishirini ambaye mama yake bado anamvalisha, na amemwona alivyokuwa akitazama ukutani wakati anavalishwa.

La ajabu ni kwamba mwanamke huyu anayewahimiza wenzake wangoje, mwenyewe hana subira hata ya kungoja maji yachemke. Ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mama yake alimfunga kamba za viatu hadi darasa la tano kwa kuhofia atajikwaa, na binti akakua akiamini kwamba kila kamba duniani inamvizia. Akifunga mlango hurudi kuutikisa, akifika kona hurudi tena. Ripoti huisoma mara tatu kabla ya kutia saini. Kwa hiyo watu wanaosifu utulivu wake hawajui wasemalo. Ile mikono nyuma ya mgongo ni pingu alizojifunga mwenyewe.

Mwaka ule kilichomnyima raha ni vifungo vinne vya ovaroli.

Shule iliyo karibu na kituo chao cha tiba ilikuwa imeamua kwamba watoto wa darasa la kwanza, wa kike kwa wa kiume, wavae ovaroli ya buluu: suruali na kifua pamoja, kamba mbili kutoka mgongoni zinazofungwa kifuani kwa vifungo viwili, na vifungo vingine viwili ubavuni. Aliyeichagua sare hiyo, sijui alikuwa anafikiria nini, ila ni wazi hajawahi kumpeleka mtoto chooni. Na mwalimu mkuu alikuwa na sharti moja tu, alilolisema bila kuzunguka. Darasa lina watoto hamsini na mwalimu mmoja. Mtoto akienda chooni aende mwenyewe, na arudi akiwa amefunga nguo zake mwenyewe. Akiweza, karibu. Asipoweza, mwakani.

Mtoto aliyekuwa akiambiwa "mwakani" kwa mara ya pili sasa alikuwa Bosi. Ni msichana wa miaka saba, mfupi, mwenye sauti nzito na amri nyingi, ndiyo maana shangazi yake anayemlea alimbandika jina hilo. Mkono wake wa kulia haumtii. Amezaliwa nao hivyo, kidole gumba kimejikunja ndani ya kiganja, na akiuharakisha ndipo unapozidi kukaza. Wa kushoto ni hodari, lakini kifungo kinataka mikono miwili, mmoja ushike tundu na mwingine usukume. Miezi minane Bi Ngoja alimkalisha kwenye kiti kifupi, nyayo zimetua sakafuni, mgongo umenyooka, mbele yake ubao wenye vifungo vya mazoezi. Walianza na vifungo vikubwa kama kifuniko cha chupa. Baada ya miezi minane walikuwa bado kwenye kifuniko cha chupa.

Shangazi alisimulia kwamba kila asubuhi Bosi hukaa mlangoni akiwatazama watoto wa jirani wakipita na mabegi, na kwamba zamani alikuwa akiwaamrisha wanyooshe mstari, siku hizi anawatazama tu. Bi Ngoja aliposikia hivyo, chakula chake cha mchana kilirudi nyumbani kama kilivyokuja.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, shangazi aliingia na Bosi akiwa ndani ya ovaroli mpya. Shangazi huyu ni fundi: anashona nguo, anabadilisha zipu, anatengeneza mikoba iliyokatika, yote katika kibanda kimoja chenye cherehani moja. Alisema ameishona yeye, na kwamba mtoto amekuwa akifanya mazoezi nyumbani. Bosi akakaa. Akatoa ulimi kidogo, akachezesha vidole vya kushoto juu ya kifungo cha kwanza, akavizungusha, akaguna, na kamba ikashika. Kisha cha pili. Kisha viwili vya ubavuni. Bi Ngoja alikuwa upande wa pili wa meza, mikono nyuma, machozi yanamlengalenga. Hakusogea na hakugusa kitu, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni anayowahubiria watu kila siku. Siku hiyohiyo akaandika: "Anafunga vifungo vinne kwa muda usiozidi dakika mbili, bila msaada wowote." Akaisoma mara tatu, akatia saini, akaipeleka shuleni kwa mkono wake.

Jibu likarudi kwamba mwalimu mkuu atakuja kujionea, Alhamisi saa nne asubuhi. Aliwahi kuletewa ripoti tamu, akampokea mtoto, na mwalimu wa darasa akaishia kumvalisha mtoto huyo kila siku huku wengine arobaini na tisa wakipanda madirishani. Safari hii angeamini macho yake tu.

Tangu hapo Bi Ngoja hakuwa na amani. Akilini alimwona Bosi akiamka na homa. Alimwona akigoma. Alimwona mwalimu mkuu akikwama njiani, akifika na hasira. Alihamisha kile kiti kifupi mara nne, akapima urefu wake kwa rula ingawa hakijarefuka tangu kinunuliwe. Mawazo yake yalipita katika kila balaa, isipokuwa lile lililokuwa linakuja.

Alhamisi, saa tatu na nusu, Bosi na shangazi walikuwa wameshakaa. Bi Ngoja alishika nakala ya ripoti, na kibanio cha waya kilichoshika karatasi zake alikuwa amekichomoa, anakizungusha vidoleni kama afanyavyo akibanwa na hofu. Akainama kumuuliza Bosi kama amelala vizuri. Kibanio kikamponyoka, kikaruka, kikaganda kifuani kwa mtoto, juu ya kifungo cha kulia.

Bi Ngoja alikitazama. Bosi naye alikitazama. Shangazi alitazama dirishani.

Kwa mara ya kwanza Bi Ngoja aliigusa ile ovaroli. Kifungo kilikuwa kimeshonewa juu ya kamba kama pambo. Tundu halikuwepo. Chini ya kitambaa alihisi kwa kidole kitu cha duara, kigumu, na alipoivuta kamba iliachia, na alipoirudisha karibu ikajishika yenyewe: tak.

"Hizi ni nini, shangazi?"

"Sumaku. Za mikoba chakavu, zile za kufungia."

Bi Ngoja akakaa juu ya meza. Swali la kwanza lililomtoka halikuwa la maana kuliko yote, lakini wasiwasi wake haujui kupanga foleni: akizimeza je? Shangazi alimhakikishia kwamba amezifungia ndani ya kitambaa cha tabaka mbili, kwa uzi wa mikoba, hata yeye mwenyewe hawezi kuzitoa bila mkasi. Bi Ngoja akauliza na ule mchezo wa kuzungusha vidole ulitoka wapi.

"Huo niliongeza mimi," Bosi akasema, na hakuona aibu yoyote.

"Shangazi, umenidanganya. Saini yangu iko shuleni."

"Hukuniuliza," shangazi akajibu taratibu. "Ulisimama kule, mikono nyuma, unalia. Ningeanzia wapi? Miezi minane mtoto anapigana na kifungo. Mimi sikuwa na shida na kifungo, Bi Ngoja. Mimi nilitaka aende chooni."

Bi Ngoja alitaka kukasirika na hasira haikuja. Maana chuoni somo la kwanza kabisa lilikuwa hilohilo: angalia mtoto anataka kufanya nini maishani mwake, na kama mkono haubadiliki, badilisha kitu. Aliwafundisha hivyo wazazi wangapi? Na yeye, kwa kuwa kwenye fomu kuna mstari ulioandikwa "vifungo", alikuwa amekalia vifungo miezi minane. Kabla hajalimeza hilo, hodi ikabishwa mlangoni.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye saa kubwa mkononi na mfuko wa plastiki. Alisalimia, akakaa, akatoa ndani ya mfuko ovaroli ya shule, mpya, yenye vifungo vinne vidogo na matundu manne membamba. Alieleza kwa upole kwamba nguo ya nyumbani mtoto anaweza kuizoea, kwa hiyo angependa avae hii.

Bi Ngoja angeweza kusema mtoto ameamka na homa. Angeweza kunyamaza, amwache Bosi ashindwe, kisha aseme ni woga wa wageni, na hakuna ambaye angejua. Lakini Bosi alikuwa ameiona ile ovaroli, na macho yake yalikuwa yameshaanza kutazama ukutani. Bi Ngoja alipoiona sura ile, mikono ikatoka nyuma ya mgongo.

"Ngoja, mwalimu. Usimvalishe. Ripoti niliyokuletea si ya kweli."

Akaeleza yote, sumaku, mikoba, kibanio cha karatasi, na kwamba kosa ni lake, hakuangalia. Aliongea haraka. Alijua kwamba hakuwa anampoteza Bosi peke yake. Walikuwepo watoto wengine sita ambao ripoti zao zingekwenda kwa mwalimu huyuhuyu.

Mwalimu mkuu aliikunja ile ovaroli. "Kwa hiyo hawezi."

"Kifungo hawezi. Huenda asiweze maisha yake yote." Neno hilo hakuwahi kulitamka, na lilimuuma kulisikia likitoka. "Nguo anafunga."

Mwalimu mkuu alikuwa anairudisha ovaroli kwenye mfuko Bosi aliposema anataka kwenda chooni.

Huenda ilikuwa hofu, huenda ni maji aliyokunywa asubuhi. Shangazi aliinuka kwa mazoea. Bi Ngoja alimzuia kwa jicho, na Bosi akatoka peke yake, akiburuza kidogo mguu wa kulia, wa upande wa ule mkono usiomtii, mpaka mwisho wa ukumbi, akafunga mlango wa choo. Wale watu wazima watatu walijikuta wamesimama nje ya mlango huo.

Dakika moja ikapita. Ya pili. Kitu kikaanguka ndani. Shangazi alishika kitasa, akatazamana na Bi Ngoja, akakiachia. Mwalimu mkuu alitazama saa. Maji yakamwagika, kisha kimya kirefu, na katika kimya hicho Bi Ngoja alimwona Bosi ameteleza, amepasuka kichwa, amekwama na nguo magotini. Kucha zilikuwa zimemwingia viganjani. Hakuita.

Tak.

Kimya. Tak. Kikafuata kishindo cha mtu anayejizungusha mahali padogo, mguno, na tak ya tatu. Ya nne haikuja. Bi Ngoja alihesabu hadi ishirini, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Tak.

Mlango ulifunguka. Bosi alitoka na mikono imelowa, nguo imefungwa pande zote nne, ila kamba moja ilikuwa imejipinda begani. Mwalimu mkuu, kama mtu mzima yeyote ambaye angekuwa pale, alinyoosha mkono ainyooshe.

"Ngoja," Bosi akamwambia.

Mkono wa mwalimu ulibaki hewani. Kisha, polepole, ukaenda nyuma ya mgongo wake. Bosi akaivuta kamba ikaachia, akaipindua mara mbili upande usio, mara ya tatu upande wenyewe, akaishusha kifuani. Tak. Safari hii hakuzungusha vidole.

Mwalimu mkuu aliinama akaikagua ile nguo kwa karibu, akajaribu kufungua kifungo kama kifungo, kikamshinda. Akamuuliza shangazi kama anaweza kuzishona sare za shule hivyohivyo. Shangazi alisema ampe huo mfuko aondoke nao sasa hivi.

"Muhula mmoja," mwalimu mkuu akasema. "Akishindwa, tutazungumza. Jumatatu, saa moja na nusu." Halafu akamgeukia Bi Ngoja. "Na wewe niandikie ripoti nyingine. Yenye ukweli."

Bi Ngoja aliiandika palepale, amesimama: "Vifungo hawezi. Anajifunga nguo mwenyewe." Tayari alikuwa ameanza kuhofia kamba za viatu, na ngazi za shule ile, na watoto arobaini na tisa. Akainua karatasi aisome mara ya pili.

Bosi alikuwa ameshafika mlangoni, amemkabidhi shangazi mfuko aubebe. Akageuka, akasema kwa ile sauti yake nzito kwamba mwalimu anasubiri, aharakishe. Bi Ngoja akatia saini.