Koili Niliyoifupisha

Kwanza nikuambie habari ya bata mzinga. Alikuwa wa mke wa sajini, kambini kwetu hapa Kampala, na sijui nilimkosea nini, kila asubuhi alinifukuza nikienda msalani, shingo nyekundu kwa hasira. Watoto wengine walicheka. Sikuwa na ndugu wa kunitetea. Baba alikuwa askari kaskazini, mama tulishamzika, nilibaki na jajja, bibi yangu. Siku moja nikakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Ndani alikaa fundi wa umeme.

"Karibu, mjukuu. Huyo hana kesi na wewe, ana kesi na Krismasi," akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Toka hapo nikawa naenda hata bata akiwa amelala. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hesabu ya fundi naweza kukuandikia sasa hivi. Aliiandika kwa chaki kwenye ukuta wetu wa bati, juu ya sigiri ya umeme ya jajja, jiko lake la koili: volti 240, ampea 6. "Gawanya volti kwa ampea, upate omu arobaini. Hizo zinazuia. Zidisha volti kwa ampea, upate wati elfu moja mia nne arobaini. Hizo ndizo zinapika maharagwe."

Juzi nimepita sokoni Kikuubo, koili mpya zimening'inia dukani. Nikasimama mpaka mwenye duka akauliza, "Mzee, unanunua au unaziombea dua?" Nilikuwa namkumbuka fundi. Zile nyumba za bati zilishabomolewa, hata ukuta wa kuonyesha sina.

Fundi alikaa kambini kwa huruma tu. Jeshi lilishamstaafisha, hakuwa na mke wala mtoto, na mkubwa wa kambi alimwambia mbele yangu: ukiharibu kitu kimoja, unahama.

Basi koili ya jajja ikakatika. "Usiiunge," fundi akaniambia. "Watu wa hapa wanapenda kuunga. Ukikata palipoungua ukasokota, koili inakuwa fupi, omu zinapungua, ampea zinapanda, na waya ya mstari wetu wa nyumba ni nyembamba. Nitatafuta mpya Nateete."

Siku mbili jajja alikula muhogo wa jana, baridi. Siku ya tatu, fundi akiwa Nateete, nikaiunga. Wacha iwake! Nyekundu kama shingo ya yule bata. Maharagwe yakaiva kabla ya adhana ya adhuhuri, jajja akasema, "Huyo fundi, Mungu ambariki." Sikumsahihisha.

Jioni, kila nyumba imewasha taa na jajja anachemsha chai, waya ikaungua kwa mke wa sajini, na godoro lake nalo. Fundi alifika na koili mpya mkononi, wanawake wanamngoja.

"Mzee wa mahesabu! Leo umepika na nyumba?"

Jajja mwenyewe akasema fundi ndiye aliyetengeneza sigiri.

Fundi akaweka mita kwenye koili. Omu thelathini. Akachukua chaki, akaandika chini ya ile hesabu ya kwanza: ampea 8, wati 1920. Kisha akaangalia vidole vyangu, vina masizi. Nikangoja aseme. Nadhani na yeye alikuwa ananingoja mimi.

Mkubwa wa kambi akamuuliza, "Ni wewe?"

Neno nililijua. Nikaficha vidole nyuma.

"Ni mimi, afande," fundi akasema.

Akaniwekea koili mpya mkononi, akachukua mita na kisanduku chake, akapita mbele ya bata mzinga, akatoka getini. Hakurudi tena.