Mourine Aanua Tanga Baharini

Mourine Nabiswa alilelewa juu ya paa la ghorofa katika mtaa wa Huruma, mbali na bahari, katikati ya kamba za nguo. Pale paani, anayeliona wingu kwanza huanua nguo za majirani wote, kisha anagombezwa kwa kuchanganya soksi.

Sasa alikuwa nahodha kwa mara ya kwanza, kwenye mashindano ya mashua za matanga kutoka Kilifi hadi Pemba, na mashua mbili zilikuwa mbele yake. Mara upepo ukatulia, ukarudi na baridi. Nyuma yao wingu jeusi lilikuwa linakunywa bahari.

"Tuanue tanga kubwa," akasema.

Mutie, mshika kamba wake, akacheka. "Dada, tunashindana ama tunafua?"

"Shusha. Utacheka baadaye."

Wakabaki na tanga dogo. Dhoruba ikaja, ile ya kumng'oa papa meno. Mbele, mashua moja ikachanika tanga, nyingine ikalala ubavu, kisha ikainuka ikitapika maji. Mourine akahakikisha wote wako salama, halafu akazipita.

Pemba, Mutie aliruka wa kwanza kuwatangazia watu, "Nahodha wetu ni wa Huruma."

Mourine akashuka polepole, kifua mbele, kama mwenye ploti anayekuja kukusanya kodi ya nyumba.