Nilipima Magurudumu Manne, Nikaliacha la Tano

Nimekosa. Acha niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikiachiwa nafasi nitalaumu mawe ya barabarani, nitalaumu jua la Turkana, nitamlaumu hata aliyeniuzia breki. Wote hao hawana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na anayelijua vizuri ni mtu mmoja tu, mke wangu.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilikuja Kakuma kutafuta riziki, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, na nina pikapu ya kubebea saruji na mabati. Mke wangu ni wa huku huku, Mturkana. Hapa nitamwita Mama Esta, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Amesomea uuguzi. Tangu amalize masomo amekuwa akijitolea kwenye zahanati bila ajira, anazalisha akina mama, anafunga vidonda, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huu wa 2013, kaunti zilipoanza, aliitwa Lodwar kwenye usaili wa kazi. Usaili! Nyumba yangu ilijaa vigelegele siku hiyo. Jirani alimwazima viatu.

Sasa njoo kwangu mimi mjuaji.

Pikapu yangu ikibeba saruji, breki zake zilikuwa za kubembeleza. Siku moja ngamia waliingia barabarani, nikakanyaga hadi mguu ukagusa sakafu, gari likasimama huku ngamia mmoja ananitazama kwa dharau kupitia kioo. Nikasema basi, imetosha! Nikaagiza breki kubwa za mbele kutoka Nairobi: diski pana, na kalipa nene kuliko ile ya zamani. Kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski na kuibana unapokanyaga.

Aliyeniuzia alinipigia simu mzigo ulipofika. "Nimekuwekea karatasi yenye umbo la kalipa. Ibandike kwenye kadibodi, ikate, uipitishe ndani ya kila rimu. Usikisie, ndugu yangu. Breki kubwa inakula nafasi ya gurudumu."

Nilifanya. Sikatai, nilifanya! Niliikata ile kadibodi vizuri, nikaipitisha kwenye magurudumu yangu manne. Hayo ni ya rimu pana za aloi nilizozinunua kwa sababu ya kupendeza tu. Yote yalikuwa sawa. Nikafunga breki, nikazungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka bila kelele. Nilijiona fundi kuliko mafundi.

Spea ilikuwa chini ya pikapu, imening'inia kwenye mnyororo wenye kutu, imekauka na matope ya msimu uliopita. Ilikuwa na rimu ya chuma ya zamani, ile nyembamba iliyokuja na gari. Kuipima kulihitaji nilale chali kwenye mchanga wa moto na kupambana na ule mnyororo. Jua lilikuwa kali. Nikasema, spea ni spea tu.

Na nikajipa sababu nyingine. Njia yetu hii ina desturi yake. Ukikwama kati ya Kakuma na Lodwar, dereva hakupiti. Mwenye gari kama lako atakushushia spea yake, atakwambia uiache mahali fulani mjini, na ataipata. Nimeazima watu spea, na mimi nimeazimwa. Kwa hiyo nikajiambia, hata yangu ikikataa, ya mwenzangu ipo. Sikukumbuka kwamba pikapu zote kama yangu zina rimu ile ile ya chuma. Mjuaji mimi!

Siku ya usaili Mama Esta alitaka kupanda basi.

"Baba Esta, basi inajua hii njia," aliniambia huku akikunja vyeti vyake ndani ya leso.

"Basi? Na mimi nina gari? Na hizi breki?" nilimjibu. Nilitaka wakwe zangu wa Lodwar waone nimemleta binti yao mwenyewe. Huo ndio ukweli wenyewe.

Tuliondoka mapema, muda ukiwa mwingi. Tulishapita nusu ya safari nilipoona usukani unavuta kushoto. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha upepo. Mwiba wa mti wa mathenge, mrefu kama msumari. Sikujali. Nilishuka nikipiga mluzi, nikateremsha spea, nikapiga jeki, nikafungua gurudumu bovu, nikainua spea kuipachika.

Ikagonga chuma. Haikufika hata kwenye boliti.

Nikadhani ni matope. Nikayakwangua. Nikaisukuma tena, ikagonga tena. Nikachungulia ndani, nikaona: kalipa yangu mpya imejaa kote mle, na rimu haina pa kupita. Jamani!

Mama Esta alikuwa amesimama kando, ameshika mkoba. "Kuna shida?"

"Hakuna," nilisema. Uongo wa kwanza huo.

Hapo ndipo lori likaja. Lilitoka Lokichoggio, limepakia mbuzi, linaelekea Lodwar. Dereva, mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, alisimama bila hata kupungiwa, akatusalimu kwa Kiturkana.

"Ejok! Nini imepata nyinyi?"

Nikamweleza pancha, lakini habari ya breki nikaimeza. Mama Esta akamwambia anawahi usaili. Yule mzee akafungua mlango wa upande wa abiria. "Mama apande. Hapa mbele iko nafasi. Hii mzee atakuja nyuma na gari yake."

Mke wangu alishaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Ndugu yangu, alishaweka mguu!

Nikamshika mkono. "Shuka. Ni dakika chache tu namaliza. Utaingiaje mbele ya wakubwa ukinuka mbuzi?"

Alinitazama. "Baba Esta, nitachelewa."

"Huniamini?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza. Mbele ya mtu asiyemjua, nikamfanya achague kati ya kazi yake na heshima yangu. Akashuka. Yule mzee akasema, "Haya, ni bibi yako," akaondoa lori. Tukabaki na vumbi lake.

Baadaye ikaja pikapu kama yangu kabisa, ikielekea Kakuma, imejaa watu. Nilimpungia kama aliyeona malaika. Dereva alinishushia spea yake bila swali. Nikaipachika. Ikagonga pale pale! Yule kijana akachungulia, akacheka, akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akachukua gurudumu lake akaenda zake, maana angefanya nini?

Nikapandwa na wazimu. Nilichukua nyundo nikaipiga ile rimu. Nikalipiga jiwe teke, nikaumia. Nikamtukana muuzaji, na muuzaji aliniambia kila kitu! Mama Esta alikaa kwenye kivuli chembamba cha gari, viatu vya jirani amevivua ameviweka juu ya leso visishike vumbi, anatazama upande wa Lodwar. Afadhali angenitukana.

Halafu, nikiwa nimeegemea ubavu wa pikapu, macho yangu yakaangukia gurudumu la nyuma. Nikaduwaa. Breki kubwa nilifunga mbele tu! Nyuma ni zile zile za zamani. Kilichotakiwa ni kuhamisha gurudumu zima la nyuma, lenye rimu ya aloi, nilifunge mbele, kisha ile spea ya chuma niifunge nyuma. Basi! Mambo yangekuwa yameisha tangu mwanzo, kabla hata ya lori kufika. Hasira na kiburi vilinifumba macho nikawa natazama gurudumu moja tu.

Nilibadilisha. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulifika Lodwar jua likiwa utosini. Langoni mlinzi alitikisa kichwa. "Mama, waliita jina yako. Waliita tena. Sasa wamemaliza, wameenda." Mke wangu akaomba aingie aone mtu yeyote. Akaingia, akatoka muda si mrefu, vyeti bado viko kwenye leso. Watu walikuwa wengi na nafasi chache. Mlango umefungwa.

Tulikwenda kwa baba yake. Mzee alikuwa amekaa nje akitungoja, amevaa shati lake la kanisani. "Kazi imepata?"

Nilingoja mke wangu aseme. Alikuwa na haki ya kusema.

"Gari iliharibika, Apa," alisema.

Hilo tu. Mzee akainama kidogo, kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mtoto yangu. Gari ni chuma tu. Mungu asante, umeniletea huyu salama."

Na mimi nikasema, "Amina."

Nilipokea shukrani, wasomaji! Nikanywa chai yake nikiwa nimepokea shukrani. Na tangu siku hiyo kila anayeuliza, jirani mwenye viatu, wauguzi wenzake, watu wa kanisani, mke wangu anawajibu vile vile: gari liliharibika. Nami natikisa kichwa. Asubuhi anaondoka kwenda zahanati kujitolea, na hajawahi kunitupia maneno. Siku moja nilijikaza nikamwambia samahani kwa habari ya spea. Akaniambia, "Spea haikunishika mkono," akaendelea kuchambua maharagwe.

Gari halikuharibika. Naandika hapa bila jina kwa sababu sijapata ujasiri wa kuyasema maneno hayo mbele ya baba mkwe wangu, lakini nitamwambia, lazima nimwambie.

Wewe unayetaka kufunga breki kubwa, nisikilize. Pima rimu zote, na uanze na ya spea, hata kama iko chini ya matope. Uone mwanya juu ya kalipa, na uone mwanya kati ya uso wa kalipa na rimu. Zungusha gurudumu, pinda usukani hadi mwisho pande zote mbili, usikilize. Ukibadilisha breki, badilisha na spea, na usitegemee ya mwenzako.

Lakini hayo ni ya gari, na gari litapona. Ukikwama njiani na mkeo ana anakokwenda, lori likasimama, mfungulie mlango wewe mwenyewe. Hata likiwa la mbuzi. Mwache aende!