Kengele ya Kisima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ambayo mfereji wa maji wa mtaa wetu wa Kibokoni ulikauka tangu alfajiri. Nalikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, dunia iko vitani, nami nimeshawekwa ndani kama wasichana wa rika langu. Skuli sikwenda. Nalihitimu Kurani chuoni, basi. Lakini mjomba wangu Shee alikuwa fundi wa kengele za umeme na gramafoni, akifanyia kazi nyumbani, na kwa vile macho yalikuwa yameanza kumtupa, kazi zote za vidole zikawa zangu.

Nyumba ile ilikuwa na kisima uani, ukingo wake mfupi, wafika gotini. Miaka miwili kabla, binti yake mjomba, Zena, alitumbukia humo akafa. Mkewe, mkaza mjomba wangu Mwana Esha, alipojaaliwa mwana mwengine, Athmani, hakumweka chini hata kidogo. Akila naye, akisali naye ubavuni. Mjomba akamwonea huruma. "Nitakutengenezea kengele," akamwambia. "Kifuniko kikiinuliwa tu, italia huko juu uliko."

Bi Rukia, jirani yetu, alicheka hadi mtandio ukamwanguka. "Kengele ya kisima! Kwani majini siku hizi wanapiga hodi?"

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Chini ya kifuniko tuligongomea kipande cha sumaku. Ukingoni tukaweka kijisanduku, na ndani yake ulimi mwembamba wa chuma. Kifuniko kikiwepo, sumaku huuvuta ulimi ukalalia kichwa cha msumari, na umeme haupiti. Kikiondolewa, ulimi huruka ukagusa shaba, umeme wa betri ukapita, kengele ikalia. Sharti ulimi uwe wa chuma laini, kile kinachoisahau sumaku mara iondokapo.

Chuma laini kilikuwa kimetuishia, na vita vilifanya hata msumari uwe tunu. Nami sikusema. Nikakata kipande cha msumeno mkongwe, chuma cha pua, kinang'aa na kinaruka vizuri kuliko kile cha mjomba. Nikainua kifuniko mara tatu, kengele ikalia mara tatu. Nikajiona fundi.

Mjomba alikuwa ameniagiza nikifunike kisima siku tatu bila kukigusa, ndipo nijaribu. Kesho yake asubuhi, asijue nimemaliza lini, akaniuliza, "Ulimi ni wa chuma laini?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na zile siku tatu umeziacha zipite?"

"Zimepita, mjomba. Kengele imelia vyema."

Uwongo wa kwanza na wa pili, hata mate sikumeza. Mwana Esha alikuwa akiniuliza kila siku imekwisha au bado, nami nilitaka niwe mtu wa kumpa jawabu. Hayo ndiyo yaliyokuwa tumboni mwangu, mwanangu, sifa.

Basi kwa mara ya kwanza tangu kumzaa, yule mama akamweka mwanawe chini. Akapanda ghorofani kushona kofia, akaanza kuimba. Juma zima mfereji ulitoa maji, hakuna aliyegusa kisima.

Ndipo ikaja siku niliyokwambia. Bi Rukia aliingia kwa mlango wa uani, akateka ndoo yake, akaenda zake, kifuniko amekiegemeza ukutani. Ule ulimi ulikuwa umekwisha kugeuka sumaku wenyewe kwa kukaa karibu na sumaku siku zote zile, umeung'ang'ania msumari. Kengele haikulia.

Nalitoka jikoni kumwaga machicha. Nikamwona Athmani amelala kifudifudi ukingoni, kichwa kimeinamia ndani, akiita "Uu!" na kisima kikimwitikia. Sikupiga ukelele, angeshtuka. Nilimwendea kwa ncha za vidole nikamdaka mguu.

Hakuna aliyeniona. Juu, mamake alikuwa bado akiimba. Ningeweza kukifunika kisima, nikatafuta ulimi mwengine nikauweka, nikanyamaza. Shetani alinishauri hivyo hivyo, kwa upole sana. Lakini nikaenda kwa mjomba na mtoto begani nikamwambia yote.

Mjomba alikwenda akaung'oa ule ulimi, akaugusisha sindano. Sindano ikaning'inia. 

"Nitaubadilisha leo hii, mjomba," nikasema.

"Utabadilishwa. Lakini aliyempandisha mamake ghorofani si kengele, ni neno lako. Nenda kamshushe kwa neno lako."

Nikapanda. Nikasema. Sindano ya Mwana Esha ikasimama kofiani.

"Zena alinipotea kwa kusahau kwangu," akasema. "Huyu ungalinipotezea wewe, nami ningalikuwa naimba."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alishuka, akakifunika kisima, akakaa juu ya kifuniko na mwanawe mapajani hadi magharibi. Kengele tuliitengeneza upya kwa chuma laini alichokitafuta mjomba, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeijaribu, baada ya siku tatu, kisha baada ya saba. Ililia kila mara. Lakini ghorofani kushona hakurudi tena, wala mimi hakunisemesha ila salamu kwa miezi.

Nyinyi leo mwaunda vifaa vyenu vya kulinda milango na mageti, vidogo kama punje ya mtama. Sivijui. Nijualo ni kwamba kitu cha ulinzi kikiharibika hunyamaza tu, na kimya chake chafanana na amani. Kwa hiyo ukiulizwa umejaribu, jibu ulilolitenda, si ulilonuia kutenda. Ukikosa kifaa kinachofaa, sema hakipo. Na ukikosea, mwendee kwanza yule aliyelala kwa kukuamini, nyundo baadaye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naongeza kwamba anayeanguka mwisho wa njia hiyo mara nyingi si mwongo mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wenye subira na kinywa cha kweli, awahifadhi watoto wa wenzio na kazi zako, na akusitiri usiishi na kosa ambalo mwengine amelilipia. Amina, mwanangu.